Mkono wa Kufuli

Kwanza tuelewane kuhusu huo mkono, maana watu wengi wanausimulia vibaya.

Ulikuwa mkono wa kulia, umevaa glavu ya kijani iliyochubuka kiganjani, na ulikuwa unapanda mara moja tu, haraka, kama mtu anayesimamisha gari ambalo limeshampita. Basi. Hakuna mluzi, hakuna kelele. Mkono ukipanda, timu nzima inaondoka. Mabeki wanapanda, viungo wanapanda, na kule mbele Mnara, straika mrefu ambaye kila fremu ya mlango inalijua paji lake la uso, anachanja mbuga kabla mpira haujaguswa. Halafu mpira unakuja. Mrefu, wa juu, unapita vichwa vya watu wote na kumdondokea Mnara kifuani kama kifurushi kilichoandikwa jina lake.

Mwenye mkono ni kipa, anaitwa Kufuli. Jina lilimpata kazini kabla halijafika uwanjani, kwa sababu ni mchonga funguo. Kibanda chake kina upana wa mtu mmoja na nusu. Mashine ya kuchonga iko kulia, funguo ghafi zimening'inia kushoto kwenye misumari, yeye yuko katikati na vumbi la shaba kwenye nyusi. Watu wanakuja, wananyoosha ufunguo dirishani, wanaangalia simu zao mpaka amalize, wanaondoka. Kuna siku anafunga kibanda jioni na akikumbuka maneno aliyosema tangu asubuhi, ni "mmoja au miwili?" na "jaribu, ukikataa rudi."

Kwa hiyo uwanjani ndiko alikokuwa anaongea na watu. Na huko nako alikuwa anaongea kwa mkono.

Mtindo huo hakuna aliyekaa chini akaubuni. Uwanja wao wa zamani ulikuwa na mashimo katikati, mpira wa chini ukifika pale ulikuwa unabadilisha mawazo. Kocha wa wakati ule, mzee mmoja mwenye filimbi shingoni, alitazama mazoezi wiki mbili, akamwambia, "Wewe una mguu, hawa wana mbio. Mimi nitakuwa nakaa." Hizo ndizo mbinu zote alizotoa, na zilidumu miaka tisa. Kufuli akanyoosha mkono siku moja ili wenzake wajue mpira unakuja, wakakimbia, wakafunga. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Mashabiki wakauita mpira wa mkono. Yaani timu nzima ilicheza kwa namna ile kwa sababu ya mashimo na mtu mmoja.

Halafu klabu ikahamia uwanja mpya wenye nyasi bandia, laini kama zulia la sebuleni, na akaja kocha mpya. Huyu walimwita Mwalimu tu. Mtu mkimya, miaka arobaini na kidogo, ana ubao mweupe wenye sumaku za rangi mbili, na mchana unamkuta anakula peke yake jukwaani, mkate mkono mmoja, simu mkono wa pili, anaangalia mechi za watu wengine bila sauti.

Siku ya kwanza alibandika sumaku moja chini kabisa ya ubao. "Kipa ndiye mchezaji wa kwanza," alisema. "Mpira unaanzia kwake, unakwenda chini kwa Fundi. Fundi anageuka, tunacheza." Fundi ni kiungo wao mfupi, kazi yake kutengeneza majokofu, ana utulivu wa mtu aliyezoea kufanya kazi ndani ya nyumba za wengine.

"Na mkono?" Mnara akauliza.

"Mkono ni wa kudakia."

Watu wakacheka. Kufuli naye akacheka, akachelewa kidogo.

Sasa, shida ilikuwa miguu. Mguu wa Kufuli unajua kitu kimoja: mbali. Ukimwambia atoe pasi ya hatua kumi na tano, mpira unatoka umekasirika, unarukaruka, unamfikia Fundi magotini. Goti lake la kushoto lilikuwa na miaka thelathini na sita kama yeye, ila lilionekana kumzidi. Kipa wa pili, kijana wa miaka ishirini na tano hivi anayevuta soksi hadi juu ya magoti na kuitwa Soksi kwa kosa hilo, pasi zake zilikuwa zinateleza kama sabuni. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema, na hilo la kutosema ndilo lililomchoma.

"Nakupa mechi tatu," Mwalimu alimwambia pembeni. "Ya tatu ikiisha tutazungumza."

Mechi ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita kwa kuchechemea. Ya tatu ndiyo hii.

Dakika ya sitini, bila kwa bila. Kufuli ana mpira miguuni, anamtafuta Fundi. Jua lilikuwa limeshuka upande wa kushoto, nyuma ya tangi la maji, na lilikuwa linamwingia machoni moja kwa moja. Akageuza kichwa kushoto, akakunja uso, akainua mkono wa kulia kujikinga na jua.

Wakaondoka wote.

Miezi miwili ya koni na sumaku, miezi miwili ya "tulieni, tulieni", na wachezaji kumi waliondoka kama wamefukuzwa na nyuki. Mabeki wakapanda. Fundi mwenyewe, mtulivu yule, akapanda. Mnara alikuwa ameshafika mbali. Kufuli akabaki na mpira, mkono bado uko juu, na washambuliaji wawili wa wapinzani wakimjia bila haraka, kama watu waliokaribishwa. Goli. Mechi ikaisha bila kwa moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mnara alikuja kukaa karibu naye. "Kaka, tuliona mkono. Miguu ilienda yenyewe. Hata sikuwaza."

"Najua."

"Nilifika kule nikageuka, nikaona uko peke yako. Nikasema, tumefanya nini sasa."

"Najua, Mnara. Kaoge."

Jioni, chumbani kwake, akaziosha glavu kwenye beseni kama kawaida, akazianika kwenye kiti. Chumba kilikuwa na viti viwili. Kimoja cha kukalia, kingine cha glavu. Dada yake alimpigia kutoka mji wa mbali, kama kila Jumapili.

"Umefunga?" akauliza.

"Dada, miaka tisa nakwambia. Mimi sifungi, mimi nazuia."

"Haya, umezuia?"

"Hapana."

"Basi ungejaribu kufunga," dada akasema, na wote wawili wakacheka, kisha dada akasema ana chungu jikoni, na simu ikakatika.

Akakaa. Akafungua grupu ya timu kwenye simu, akaandika samahani ndugu zangu, akaifuta, akaandika tena, akaituma. Vikaja vidole gumba saba. Hakuna neno. Akaiweka simu kifudifudi.

Na hapo ndipo akili yake ilipoikamata ile sekunde. Kwa sababu siku nzima ile alikuwa ameinua mkono mara kadhaa. Aliinua kumwita refa. Aliinua kurekebisha glavu. Hakuna aliyekimbia. Walikimbia mara moja tu, na mara hiyo alikuwa ametazama kushoto kwanza.

Kushoto. Kila siku kushoto kwanza.

Kwenye uwanja wa zamani, mkewe alikuwa anakaa kushoto kwa goli, na mto wake wa kukalia. Kipindi cha pili wakibadilishana magoli, anauchukua mto, anazunguka uwanja mzima mbele ya macho ya watu, anakaa tena kushoto kwake. Kufuli alikuwa hapigi mpira mrefu kabla hajamwona. Kichwa kushoto, mke yupo, mkono juu. Aliondoka miaka minne iliyopita. Hawakugombana. Alifagia chumba kwanza, akaweka ufunguo wake mezani, ule aliochongewa na mumewe mwenyewe, akasema, "Mimi nimechoka kuwa jukwaa." Mke akaondoka, kichwa kikaendelea kugeuka. Kiliendelea mpaka uwanja mpya, ambako kushoto hakuna hata kiti, kuna tangi la maji tu. Na wenzake, bila kujua, walikuwa wamejifunza kumsoma mtu anayemtafuta mkewe.

Hilo hakuna aliyelijua. Hata yeye alikuwa amelijua dakika hiyo hiyo.

Jumatatu asubuhi ufunguo ukanyooshwa dirishani. Kufuli akainua macho, akamkuta Mwalimu.

"Mmoja au miwili?"

"Mmoja. Wa chumba changu."

Akauweka kwenye mashine. "Huu wa pili ni wa nani?"

"Si wa mtu. Nikipoteza huo mwingine tu." Mwalimu akaegemea dirisha, akatazama cheche. Mashine iliponyamaza akasema, "Nimewafundisha miezi miwili. Wewe nusu sekunde."

"Ilikuwa jua, Mwalimu."

"Najua ilikuwa jua. Nimeiangalia ile video mara kumi na nne. Sikuwa nakuangalia wewe, nilikuwa nawaangalia wapinzani. Unajua wote walirudi nyuma? Wote, isipokuwa wale wawili. Waliona timu inakuja, wakarudi kulinda. Katikati pakabaki uwanja mtupu, pa kufugia ng'ombe. Kama Fundi angebaki pale na mpira ungemfikia chini, tungekuwa tunaongea mengine."

Kufuli akachukua tupa, akaanza kulainisha meno ya ufunguo. "Unataka mkono urudi."

"Nautaka. Tisa waondoke, Fundi abaki, mpira wa chini kwake." Akautazama ufunguo. "Lakini ile pasi, Kufuli. Wawili wanakujia, una nusu sekunde. Ile pasi huna. Tusidanganyane."

"Soksi anayo."

"Soksi anayo. Lakini Soksi akiinua mkono, watu wanadhani anaomba maji." Mwalimu hakutabasamu. "Mfundishe. Una mpaka Jumamosi."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa na mimi benchi."

Akamkabidhi ufunguo. "Jaribu, ukikataa rudi," akasema, maana ndiyo maneno yake. Mwalimu akaondoka. Kufuli akabaki anafuta vumbi la shaba pale pale mahali pamoja.

Sasa kuna siri ya wachonga funguo ambayo mteja haambiwi. Mtu akikuudhi, unaweza kumchongea ufunguo unaoingia vizuri kabisa kwenye kitasa, unakaa, unapendeza, ila hauzunguki. Unaacha jino moja juu kwa upana wa unywele mmoja. Huwezi kuliona kwa macho. Kufuli hakuwahi kumfanyia mtu hivyo. Ila anajua namna.

Jumanne hadi Ijumaa akamfundisha Soksi. Soksi alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo lazima lisemwe, na mwenye adabu.

"Kaka mkubwa, kiganja kiwe wazi au nikunje?"

"Wazi. Kiwiko kisinyooke sana, huitwi na mwalimu darasani."

"Hivi?"

"Haraka zaidi. Panda, shuka."

"Hivi?"

"Hivyo."

Wakafanya mara mia. Mazoezini watu walikimbia vizuri kabisa, kwa sababu mazoezini wanajua kinachokuja, Mwalimu ameshasema, filimbi imeshalia. Fundi akabaki katikati, Soksi akamtelezea pasi zake za sabuni, mambo yakaenda. Mwalimu akapiga makofi mara mbili, na kwake hizo ni nyingi. Kufuli alisimama nyuma ya goli mikono mfukoni. Kuhusu kichwa, kuhusu kushoto, hakusema neno. Alijiambia Soksi hakuuliza. Alijiambia kile kilikuwa kitu cha nyumbani, si cha timu. Usiku wa Ijumaa hakuziosha glavu, kwa sababu zilikuwa safi.

Jumamosi uwanja ulijaa, kelele mpaka masikio yanaziba. Kufuli akakaa benchi na jaketi kubwa kuliko yeye. Ni ajabu kuutazama uwanja kutoka ubavuni. Miaka tisa alikuwa anauona kwa urefu, wenzake wote mbele yake, migongo na namba. Sasa aliona nyuso zao, na hakuna uliokuwa unamwangalia yeye.

Dakika ya kumi na mbili Soksi akapata mpira, akainua mkono. Mzuri, wa haraka, kiganja wazi. Hakuna aliyekimbia. Mnara aligeuka akamwangalia kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Soksi akapiga mpira nje.

"Wana nini hawa?" Mwalimu akajiuliza.

Dakika ya thelathini na moja akainua tena. Beki mmoja akaanza kukimbia, akasimama. Wengine wakatazamana. Soksi akasubiri, sekunde moja, mbili, mshambuliaji akamfikia, akampokonya. Bila kwa moja. Soksi alikaa chini ndani ya goli lake, soksi zimeshuka hadi kwenye vifundo, na hakuna mtu aliyekwenda kumwinua. Kufuli aliijua picha hiyo. Ilikuwa yake, ya wiki iliyopita, na safari hii ameichonga yeye.

Mapumziko Mwalimu hakugusa ubao. Alikuja moja kwa moja kwa Kufuli, akasema kwa sauti ya chini, "Pasha mwili moto. Unaingia."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri tangu Jumatatu. Alisimama, akavua jaketi, akavaa glavu ya kwanza. Na kupitia mlango wa chooni akamwona Soksi ameinama kwenye sinki, maji yanamwagika, anajiinulia mkono mbele ya kioo. Panda, shuka. Panda, shuka. Anatafuta kosa.

Kufuli akavua glavu.

"Soksi. Funga maji, unisikilize. Kabla ya mkono, geuza kichwa kushoto."

"Kushoto wapi?"

"Kushoto tu. Kama mtu anayemtafuta mtu. Ukishageuka, pumua, halafu mkono."

Soksi akamtazama kwenye kioo. "Ninamtafuta nani, kaka?"

"Mtu yeyote uliyezoea kumkuta pale."

"Mbona hukuniambia?"

Kufuli akautazama ule uso uliolowa. Akampa taulo. Halafu akaenda kwa Mwalimu.

"Mwache aendelee. Kuna kitu sikumwambia. Nimemwambia sasa."

Mwalimu alimwangalia. Unaona mtu anapanga sumaku kichwani, ile inakwenda pale, ile inatoka. "Tangu Jumanne," akasema.

"Tangu Jumanne."

"Kaa," Mwalimu akasema.

Akakaa.

Dakika ya hamsini na tano. Soksi ana mpira. Kichwa kikageuka kushoto, taratibu, kama mtoto anayetafuta mzazi wake langoni mwa shule. Akapumua. Mkono.

Na wakaondoka. Jamani, waliondoka. Mabeki, mawinga, Mnara na miguu yake ya ngazi, kumi wasipungue ila Fundi, na wapinzani nao wakageuka wakakimbilia goli lao kama mvua imewakuta na nguo kambani. Pasi ikateleza chini. Fundi akaipokea katikati ya uwanja mtupu, akageuka, akainua kichwa, akawa na muda hata wa kuvuta kaptura. Akampa winga, winga akampa Mnara, moja moja. Dakika ya themanini wakarudia vile vile, kichwa, pumzi, mkono, mbili moja. Haukuwa tena mpira wa Kufuli, wala haukuwa ule wa ubaoni. Ulikuwa kitu cha tatu, na kilikuwa kizuri, na aliyeketi benchi alikiona chote kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kwenye benchi, mara zote mbili, kichwa chake kiligeuka kushoto. Aliyekuwa kushoto ni Mwalimu. Mwalimu alikuwa anaangalia mbele.

Filimbi ilipolia walimkimbilia Soksi, wakamrundikia. Watu wa jukwaani wakaanza kuimba mkono wa Soksi, mkono wa Soksi. Simu ya Kufuli ikatetemeka mfukoni bila kukoma, ni grupu, picha juu ya picha. Soksi alimtafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akamwinulia kidole gumba, halafu wakambeba na kumpeleka.

Mwalimu alikuwa anakunja ubao. "Ule ufunguo," akasema bila kugeuka. "Unazunguka vizuri."

"Nilijua utazunguka."

"Jumatatu mazoezi saa kumi. Soksi bado anachelewa kwenye pumzi." Akachukua ubao kwapani, akaondoka zake kuelekea kule anakokula mkate.

Uwanja ulipokuwa mtupu, Kufuli alizunguka kukusanya mipira nyuma ya magoli, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Wa mwisho ulikuwa nyuma ya goli la upande wa tangi. Akautoa, akauweka kwenye mstari, akasimama. Mbele yake nyasi bandia zilikwenda mbali, zimenyooka, hakuna mgongo hata mmoja. Akageuza kichwa kushoto. Tangi. Akapumua. Akainua mkono, bila glavu.

Kule mwisho kabisa, mtunza uwanja aliyekuwa anakunja nyavu aliuona. Akadhani anaagwa. Akaweka nyavu chini, akainua wa kwake, akampungia.

"Haya, kesho," akaita.

Kesho ilikuwa Jumapili, hakuna mazoezi.

"Haya," Kufuli akajibu, akaushusha mkono.